Masaa Kumi ya Krediti Moja Yanasomewa Wapi?

Vuga, baada ya alasiri. Kivuli cha nyumba ya mbele kimeshaifunika baraza, saruji imeanza kupoa, na muuza kahawa ameliteremsha dele lake ukingoni bila kuuliza, maana anawajua watu wake. Hatua chache kutoka hapo ndipo ilipo kampasi ya Vuga ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ambako wageni wamekuwa wakija kujifunza Kiswahili tangu enzi za TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni.

Waliokaa ni wanne, na msomaji asihangaike kuwatafuta. Hawana majina kwa sababu nimewaunga kutokana na mazungumzo mengi niliyoyasikia mjini na shamba. Mwalimu ni mstaafu, alifundisha historia. Bi Mshauri ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja kisiwani. Wa tatu nitamwita Aliyerudi, kwani alisoma Ujerumani akarudi nyumbani. Wa nne ni kijana wa Nungwi, yuko mwaka wa pili. Mimi niko pembeni na kikombe changu.

MWALIMU: Juzi nimealikwa kwenye semina. Mtu kasimama, suti safi, akasema ofisi ya mshauri wa wanafunzi ni nguzo ya mageuzi ya elimu ya juu. Wallahi nilikaribia kucheka. Mageuzi ni mitaala, walimu, maabara na vitabu. Ofisi ile naijua mimi: funguo za dakhalia, barua za onyo, na kutafuta gari ya kupeleka timu ya mpira.

BI MSHAURI: Na mazishi, Mwalimu. Mazishi umeyasahau. Mwanafunzi akifiwa usiku wa manane, simu ya kwanza inalia kwangu. Akiumwa, kwangu. Mkopo ukichelewa, foleni inaanzia mlangoni kwangu na kuishia uani.

MWALIMU: Sisemi hufanyi kazi, Bi Mshauri. Nasema kazi yako si mageuzi. Hebu nivumilieni kidogo kwa tarehe, ndiyo maradhi yangu. Mwaka 1999 ulikuwa mwaka wa karatasi kubwa. Mwezi wa Juni mawaziri wa nchi 29 za Ulaya walikutana Bologna, Italia, wakakubaliana kwamba ngazi za shahada zao zitafanana na masomo yatapimwa kwa krediti, ili kijana wa Lisbon akifika Warsaw asirudishwe mwanzo. Mwaka huohuo, hapa kwetu, ikapita sheria namba 8 iliyoizaa SUZA. Novemba 30, Arusha, marais wa Kenya, Uganda na Tanzania wakasaini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka mmoja kabla yake, 1998, kilishaanzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu na chuo cha ualimu Chukwani. Kwa hiyo sisi na Wazungu tumepanda gari siku moja. Sasa niambieni, wao walianza na washauri wa wanafunzi? Walianza na shahada na krediti.

ALIYERUDI: Walianza hivyo, na njiani wakamwangusha abiria. Vuli ya mwaka 2009 wanafunzi wa Vienna waliingia kwenye ukumbi mkubwa wa chuo chao wakalala humo wiki nzima nzima. Ujerumani nako maelfu wakatoka barabarani. Walilalamika kwamba shahada imebanwa kama nguo ndani ya sanduku, mitihani haikatiki, na anayefanya kibarua ili ale hana tena nafasi ya kusoma. Mageuzi yalikuwa na miaka kumi, na watu waliofanyiwa mageuzi ndio waliokuwa wakiyapigia kelele.

MWALIMU: Kwa hiyo mawaziri walisahau?

ALIYERUDI: Karatasini hawakusahau. Walipokutana Prague mwaka 2001 waliandika kwamba wanafunzi ni wanachama kamili wa jumuiya ya chuo. London, 2007, wakaandika kwamba wanaoingia chuoni, wanaosoma na wanaomaliza wafanane na jamii yenyewe, maskini wake na matajiri wake. Mwaka 2020, Rome, wakapitisha misingi kabisa ya kufuata, ushauri nasaha ukiwemo. Lakini karatasi hailazi mtu. Mimi aliyenilaza hakuwa waziri wala chuo. Lilikuwa shirika linaloitwa Studentenwerk.

KIJANA: Hilo ni la chuo?

ALIYERUDI: Ndiyo utamu wake: si la chuo. Ni shirika la umma lenye bodi yake, dakhalia zake na mikahawa yake ya wanafunzi. Kila muhula kila mwanafunzi analitolea mchango. Chimbuko lake ni baada ya vita vya 1914 hadi 1918: vijana wamerudi kutoka mapiganoni hawana kitu, wakaanza kupika pamoja na kukopeshana. Ufaransa nao wana lao, wanaliita CROUS, tangu mwaka 1955. Na mwaka uleule wa 1999 wa tarehe zako, mashirika kama haya yakaunda baraza lao la Ulaya nzima. Yaliona mawaziri wanakuja na krediti, yakajua ni nani atakayeulizwa kitanda.

Hapo muuza kahawa, aliyekuwa akigonganisha vikombe, akaingilia.

MUUZA KAHAWA: Samahani wakubwa. Krediti si ndilo deni?

KIJANA: Ninazo zote mbili, babu.

Tulicheka, lakini swali la muuza kahawa lina akili kuliko semina ya Mwalimu. Krediti ya chuo kweli ni deni, na deni lenyewe ni la masaa. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi, mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui 360. Ulaya mwaka ni krediti 60, kila moja masaa 25 hadi 30. Vyuo vya Unguja vinafuata kipimo cha TCU kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano. Na kipimo hiki hakihesabu darasa peke yake. Kinahesabu pia masaa ya kujisomea, ya kuandika kazi, ya kukaa maktaba. Msomaji aliyesoma zamani, alipopimwa kwa mitihani tu, ashike jambo hili, kwani mjadala mzima unaning'inia hapo.

Kijana aliomba kalamu. Akakunjua kikaratasi kilichofungiwa kashata, akakilaza juu ya goti.

KIJANA: Mwalimu, kwa heshima zako, nikufanyie hesabu. Muhula mmoja nina masomo matano, kila somo krediti 12. Kumi na mbili mara kumi, masaa 120 kwa somo. Darasani tunakaa masaa matatu kwa wiki, wiki 15, yanakuwa 45. Yaliyobaki ni 75. Gawa kwa wiki 15, ni masaa matano kila wiki. Masomo matano, masaa 25 ya kujisomea kila wiki. Sawa?

MWALIMU: Hesabu imekaa.

KIJANA: Muhula wangu wa kwanza sikupata dakhalia, na pesa ya kupanga geto Tunguu sikuwa nayo. Nikawa natoka Nungwi na kurudi. Nungwi hadi mjini karibu masaa mawili, maana gari inasimama kila penye mti na mtu. Mjini hadi Tunguu, kwa kungoja na kwenda, nusu saa au zaidi. Kwenda masaa mawili na nusu, kurudi mawili na nusu. Matano kwa siku, siku tano. Ngapi hizo?

Hakuna aliyejibu. Ilikuwa 25, na sote tulishaiona.

KIJANA: Masaa yangu ya kujisomea yote nimeyakalia kwenye ubao wa daladala, nimebanwa kati ya gunia la muhogo na tenga la samaki. Mwisho wa muhula nikapata sapu mbili. Karatasi ya matokeo inasema nimesoma krediti 60. Mimi nakwambia, Mwalimu, nilisoma pungufu ya nusu. Na karatasi hiyohiyo nikienda nayo Kampala au Nairobi ndiyo itakayonisemea.

MWALIMU: Pole, mwanangu. Lakini umenipa hoja mimi. Ulichokosa ni kitanda. Kitanda ni fedha, na fedha iko hazina. Ofisi ya Bi Mshauri haizai vitanda. Hata ukiipa jina la nguzo, itabaki na funguo zilezile kumi kwa watu mia.

Hoja ya Mwalimu ni nzito, na sitaki ipite kwa kuwa tu kijana ametutia huruma. SUZA ilipoanza ilikuwa chuo kidogo; baadaye taasisi nyingine za Serikali ziliunganishwa nayo, za afya Mbweni, za utalii Maruhubi, za fedha Chwaka. Vyuo vyetu vimekua kwa kuunganishwa na kwa kudahili, na udahili hukimbia haraka kuliko ujenzi. Enzi Mwalimu wetu akisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, serikali ilibeba kila kitu, kuanzia nauli hadi sahani ya wali. Miaka ya 1990 ikaja uchangiaji wa gharama, kisha Bodi ya Mikopo ya Muungano, na Zanzibar ikaunda bodi yake. Mtoto wa Kizanzibari leo anajaza fomu, anangoja jina litoke, anangoja bumu liingie, na muhula haumngoji.

BI MSHAURI: Mwalimu, nakubali sizai vitanda. Lakini kuna mambo hayataki hata shilingi. Ratiba. Wewe unadhani nani anapanga ratiba ya vipindi? Kamati. Mimi simo. Basi inatoka ratiba ya mwanafunzi kuwa na kipindi saa moja asubuhi na kingine saa kumi jioni, katikati hana chochote. Anayelala dakhalia anarudi kitandani kwake. Huyu wa Nungwi anazunguka chini ya mwembe masaa saba, na njaa yake. Nikaandika barua: vipindi vya wanaotoka mbali visogezwe vikae pamoja, wapate siku mbili za kubaki nyumbani wasome. Nikajibiwa kwamba ratiba ni suala la kitaaluma.

ALIYERUDI: Na wewe si wa kitaaluma.

BI MSHAURI: Mimi ni wa "huduma". Mtaala mpya ukiandikwa, namba za krediti zinajazwa mezani, kumi hapa, kumi na mbili pale. Hakuna anayeuliza masaa yale yanasomewa wapi. Ninayejua ni mimi, kwa sababu wanakuja kulia kwangu. Basi nikuulize, Mwalimu: hiyo si elimu? Hayo si mageuzi?

MWALIMU: Endelea.

BI MSHAURI: Nikupe na jingine. Alikuja baba mmoja kutoka Makunduchi, bintiye amechaguliwa. Amevaa kanzu yake na koti, kafika kabla ya mimi kufungua mlango. Hakutaka kumuona mkuu wa kitivo. Alitaka kuiona dakhalia. Akauliza matroni analala humo humo au anarudi kwake. Akauliza geti linafungwa saa ngapi na ufunguo anabaki nao nani. Akauliza pa kusalia. Akaenda mwenyewe kuangalia kitasa cha mlango wa choo, akakizungusha mara mbili. Kisha akanambia, "Haya, atakuja." Krediti hakuuliza hata moja. Mtoto yule leo anasoma. Ile kazi ya kumtembeza mzee yule nusu saa haimo katika ripoti yoyote, na bila ya hiyo idadi ya wasichana mnayoisifia kwenye mahafali ingepungua mmoja.

Mwalimu alinyamaza, akasogeza kikombe chake kijazwe tena. Kwa kumjua, hiyo ni nusu ya kukubali.

ALIYERUDI: Na mambo yanakuja makubwa zaidi. Mwaka 2015 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limeweka mfumo mmoja wa sifa za elimu ya juu. Mei 2017, wakuu wa nchi walipokutana Dar es Salaam, wakaitangaza Jumuiya yote kuwa eneo moja la elimu ya juu. Wajerumani walishiriki sana katika kuandaa miongozo ya ubora. Tamko letu limefanana na lile la Bologna kama mtu na nduguye. Sasa mwanafunzi wa Kigali akija Tunguu kwa muhula mmoja, krediti zake zitahesabika, vizuri. Atafikia wapi? Akiumwa malaria nani atamjua? Ramadhani ikimkuta hapa na yeye si Muislamu, mchana atakula wapi?

BI MSHAURI: Kwangu. Wote kwangu.

KIJANA: Mimi niseme kitu, na Mama usinikasirikie.

BI MSHAURI: Sema.

KIJANA: Mimi sikwenda kwa mshauri. Muhula ule wa daladala, kwenye chuo changu, ofisi ya mshauri nilikuwa naipita kila siku, na sikuingia. Kwa sababu mwenzangu aliitwa humo humo kwenye kesi ya kugombana dakhalia. Aliyemwandikia barua ya kusimamishwa ni mkono uleule unaosema "njoo tuzungumze". Sisi tunajua: jina lako likishaingia mle, limeingia. Bora nisinzie kwenye gari.

Hapa palikuwa na kimya cha kweli. Nilimtazama Bi Mshauri. Hakukasirika, aliangalia kidole chake akizungusha pete.

BI MSHAURI: Mtoto huyu kasema kweli. Meza yangu ina droo moja yenye ufunguo. Mle mna mafaili mawili. La kijani la wanaohitaji msaada, la pinki la nidhamu. Majina mengine yamo katika yote mawili. Kamati ya nidhamu ikikaa, mimi ndiye katibu. Asubuhi namwambia mtoto anieleze yaliyomsibu, mchana nasoma mashitaka yake.

ALIYERUDI: Ndiyo maana nimekwambia Studentenwerk si la chuo. Mshauri wake hana uwezo wa kunifukuza hata akitaka. Nilimweleza mambo ambayo sikumweleza mama yangu.

MWALIMU: Hapo mimi napinga, na napinga kwa nguvu. Hiyo ni baridi ya Ulaya. Kwetu anayelisha ndiye anayekanya. Mimi nimelelewa na bibi Mkunazini: mkono ulionipa mkate ndio ulioshika ukuti. Mlezi asiye na la kukukanya si mlezi, ni mpangishaji nyumba. Mkimwondolea Bi Mshauri nidhamu mtamwacha karani wa vitanda, na wahuni wa dakhalia watajua hana meno.

BI MSHAURI: Bibi yako, Mwalimu, alikuandikia barua ya kukufukuza nyumbani, nakala kwa mkuu wa wilaya?

MWALIMU: (akicheka) Hapana.

BI MSHAURI: Alikuchapa, jioni akakupa uji. Mimi nikishamaliza kikao sina uji wa kutoa. Kukanya sikatai, nitamkanya mtoto mpaka machozi yamtoke. Ninachokataa ni kuwa katibu wa mahakama yake.

MWALIMU: Haya, nitakuambia jambo ambalo sikulikusudia. Machi 1978 nilikuwa Mlimani. Wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya wabunge na mawaziri. Wengi wakafukuzwa. Usiku ule tulitafuta mtu mzima mmoja wa chuo wa kumwendea, wa kutuambia tufanye nini, familia zetu tuziambie nini. Hatukuwa na uhakika nani yuko upande gani, basi hatukumwendea mtu. Tulifunga mabegi. Nimelikumbuka kwa huyu kijana na ile ofisi yake aliyoipita.

KIJANA: Sasa umebadilika, Mwalimu?

MWALIMU: Sijabadilika. Nasema bado mageuzi ni walimu na vitabu. Ila ratiba apewe. Hilo la ratiba limenishinda kulipinga.

Muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe. Nungwi iko mbali na kijana alishasimama, kikaratasi cha kashata kimekunjwa mfukoni mwa shati.

Kalamu iko kwangu, kwa hiyo hukumu nitaitoa mimi. Mwalimu anayo haki juu ya fedha: hakuna ushauri utakaoziba pengo la kitanda, na anayetaka eneo moja la elimu ya juu bila kujenga dakhalia anataka harusi bila chakula. Anayo haki pia juu ya malezi yetu, na shirika la Kijerumani halitapandikizwa Tunguu kama mche wa karafuu likaota. Sina hamu nalo. Lakini katika kesi ya mafaili mawili nampa ushindi kijana wa Nungwi. Faili la pinki litoke kwenye droo ya mshauri, liende kwa mwanasheria wa chuo au kwa msajili, pahala popote penye mlango mwingine. Hilo halihitaji mkopo wa benki. Linahitaji barua moja.

Na kwenu mnaokaa kwenye kamati za mitaala, Tunguu, Chukwani, Beit el Ras na kwingineko: mwaka huu mkianza kujaza namba za krediti, mwiteni mshauri wa wanafunzi kwenye kikao cha kwanza. Mpeni kiti na sauti, na mwambieni aje na nauli na saa za gari za shamba.